MWANAMUME ALIYEBEBA MTUNGI WA MAJI

Masomo: Marko 14:12-16, Yoshua 9:16-27, 1 Petro 3:7



  Tunamshukuru Mungu aliyetulinda mpaka leo hapa Nakivale, sisi tulio Juru, Rubondo na Base Camp, tuliokuja zamani na tuliokuja juzi. Wengine tulikimbia vita vya 1998, wengine vya 2012, na wengine wamefika baada ya vita kuingia Goma mnamo Januari 2025. Mungu ni yule yule.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jerikani. Msicheke. Tangu kiangazi kianze, ndoa nne zimeletwa mbele ya wazee wa kanisa. Katika zote nne ugomvi haukuanzia kwenye pombe wala uzinzi. Ulianzia kwenye maji, kuni, na sahani zilizolala bila kuoshwa. Katika nyumba moja ulifika mpaka mkono ukainuliwa, na dada yetu akaja kulala kwa jirani na watoto watatu. Basi jambo hili si dogo, na haifai tuliache liozee ndani ya nyumba zetu.

1. Ishara waliyopewa wanafunzi

Ilikuwa siku ya kumchinja mwana-kondoo wa Pasaka. Wanafunzi walimwuliza Bwana anataka wakamwandalie wapi. Akatuma wawili, na Luka anatupa majina yao: Petro na Yohana (Luka 22:8). Hawakupewa jina la mtaa wala la mwenye nyumba. Waliambiwa kwamba wakiingia mjini watakutana na mwanamume anayechukua mtungi wa maji. Wamfuate yeye, na nyumba atakayoingia ndiyo hiyo.

Fikirini kidogo. Yerusalemu wakati wa Pasaka ulijaa watu kutoka kila upande, kuliko hata uwanja wetu siku ya kugawa chakula. Mtu mmoja angejulikanaje kati ya maelfu? Kama Bwana angesema watakutana na mwanamke mwenye mtungi, Petro na Yohana wangezunguka mpaka usiku, maana wanawake wa namna hiyo walikuwa katika kila njia. Rebeka tunamkuta kisimani na mtungi begani (Mwanzo 24). Binti saba za kuhani wa Midiani tunawakuta wakiteka maji (Kutoka 2). Sauli alipokuwa akitafuta punda za baba yake, alikutana na wasichana wakienda kuteka (1 Samweli 9). Na yule Msamaria aliyezungumza na Bwana kisimani alikuwa mwanamke. Walimu wengi wa Maandiko wanaeleza kwamba ndiyo maana ishara ile ilitosha: mwanamume kubeba mtungi wa maji halikuwa jambo la kila siku. Ukimwona, umemwona.

Mimi nimehubiri sura hii mara nyingi, hasa wakati wa Meza ya Bwana. Kila mara nilikimbilia mkate na kikombe, nikampita yule mtu njiani. Jina lake hatulijui. Labda alikuwa mtumishi, labda alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, Biblia haisemi. Wala sisemi kwamba Bwana alikuwa akifundisha kazi za nyumbani siku ile. Nasema neno moja tu: Bwana wetu hakuona aibu kuweka njia ya kwenda kwenye meza yake nyuma ya mwanamume mwenye mtungi wa maji. Petro na Yohana walimfuata mgongoni, wakafika.

2. Tulivuka mpaka na nusu ya desturi

Katika zile ndoa nne, kuna moja nitakayoisema, kwa ruhusa yao wenyewe, bila majina.

Mama alisema: "Mchungaji, naamka saa kumi ya alfajiri kupanga jerikani kwenye foleni. Narudi, napika uji, nawatayarisha watoto wa shule. Halafu naenda leja leja, kupalilia maharage ya watu. Saa nane narudi na kuni kichwani. Namkuta baba chini ya mti anacheza dame, na neno la kwanza ananiuliza chakula kiko wapi."

Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mchungaji, mimi si mvivu. Kwetu nilikuwa na mtumbwi na nyavu. Nilikuwa naingia ziwani jioni na kurudi asubuhi, na nyumba yangu haikulala njaa. Hapa nimekuwa mtu wa kungojea. Sasa mkinipa na jerikani, nitabaki nani?"

Ndugu zangu, msimhukumu haraka. Maneno haya yanatoka katika jeraha. Wanaume wengi hapa tuna msiba ambao hatukuulilia. Tulikimbia usiku, tukaacha mashamba, ng'ombe, cherehani, duka, darasa la kufundisha. Tangu mwaka 2023 hata msaada wa chakula na fedha haugawanywi tena sawa kwa kila nyumba, na wako walioondolewa kabisa kwenye orodha. Mwanamume anayeamka asubuhi bila mahali pa kwenda huumia, hata kama anacheza dame na kucheka.

Lakini tuseme ukweli wote. Tunapogombana na wake zetu tunasema, "Desturi yetu hairuhusu mwanamume kuteka maji." Ni kweli, kwa wengi wetu ilikuwa hivyo. Lakini desturi ile ile ilimpa mwanamume nini? Ilimpa kufyeka msitu, kujenga nyumba na kuiezeka, kuvua, kuchunga, kuwinda, kulinda usiku. Mwanamke alikuwa na mzigo wake na mwanamume alikuwa na wake. Baba zetu walioshindwa kujenga na kufyeka walichekwa na kijiji kizima. Desturi ilikuwa kama mzigo wa mti uliobebwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Vita ilipokuja, mzigo wa mwanamume ulianguka njiani. Mzigo wa mwanamke haukuanguka, maana watoto wanakunywa maji hata ukimbizini. Tena umeongezeka, kwa sababu juu ya jiko na watoto sasa anabeba pia vibarua vya kutafuta chumvi na sabuni. Basi wapendwa, sisi tulivuka mpaka na nusu ya desturi. Tulibeba ile nusu inayotupumzisha, na ile iliyotutoa jasho tukaiacha ng'ambo. Kisha tunaiita hii nusu "desturi ya mababu." Mababu wenyewe wangetushangaa.

3. Kazi ya Wagibeoni

Someni Yoshua sura ya 9. Watu wa Gibeoni waliwadanganya Waisraeli kwa viatu vilivyochakaa na mikate iliyokauka, wakijifanya wametoka nchi ya mbali. Israeli wakaapa kutowaua. Uongo ulipojulikana, waliachwa hai, lakini wakapewa adhabu: tangu siku ile wawe wakata kuni na wateka maji wa mkutano wote. Katika Maandiko, kazi hizo mbili, kuni na maji, zilikuwa kazi za watu walioshindwa, watu walioponea chupuchupu.

Sasa nauliza kila mume anayesoma gazeti hili: mke wako ni Mgibeoni? Ulimteka vitani? Je, si yule ambaye Adamu alipomwona alifurahi na kumtambua kuwa ametoka katika mifupa yake mwenyewe? Inakuwaje basi kazi ambayo Israeli waliitoa kama adhabu, sisi tumempa yeye peke yake, kila siku, na bila hata neno la asante?

Tuhesabu pamoja. Mashirika hupima mahitaji ya maji kuwa lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku. Nyumba ya watu saba inahitaji lita 140, yaani jerikani saba. Kila jerikani ikijaa ina kilo 20. Hizo ni kilo 140 juu ya kichwa au mgongo wa mtu mmoja kwa siku, naye huenda ana mimba, au ana mtoto mgongoni. Nyumba nyingi hazifikishi lita hizo. Sababu si bomba kukauka peke yake. Sababu nyingine ni kwamba anayebeba ni mmoja tu, na amechoka.

4. Neno "kusaidia"

Sasa nitasema kosa langu mwenyewe, maana mchungaji asiyejihubiri mwenyewe huwasumbua wengine bure.

Siku ile nilimaliza shauri la ndugu yule na mkewe kwa maneno yaliyoonekana mazuri. Mama nilimwambia avumilie. Baba nilimwambia amsaidie mkewe anapopata nafasi. Tukaomba, wakaenda. Niliona nimefanya kazi njema.

Usiku, mama watoto alikuwa akichambua maharage kwenye taa, nami nikitayarisha hubiri. Akaniuliza taratibu, bila kuinua macho: "Baba watoto, leo umemwambia yule baba amsaidie mke wake. Mtu humsaidia mwenzake kazi ya mwenzake. Maji ya nyumba ile ni ya nani? Wanaoyanywa ni watoto wa mama peke yake?" Nikanyamaza. Akaendelea kuchambua, kisha akasema: "Na wewe, tangu tufike hapa, ni lini ulishika jerikani?"

Sikuweza kuendelea na hubiri. Niliangalia mikono yangu. Nilisomea chuo cha Biblia, najua kueleza kwamba neno la Kiebrania lililotafsiriwa "msaidizi" katika Mwanzo 2:18, yaani ezeri, ndilo neno linalotumiwa mara nyingi katika Zaburi kwa Mungu mwenyewe anapowaokoa watu wake (kwa mfano Zaburi 33:20 na 70:5). Kwa hiyo msaidizi si mtumwa. Ni yule ambaye bila yeye umekwisha. Hilo nililifundisha darasani. Nyumbani kwangu nilikuwa na ezeri anayeamka saa kumi ya alfajiri, nami nilikuwa nimelala nikingojea maji ya kuoga niende kuhubiri.

Alfajiri iliyofuata nilichukua jerikani mbili nikaenda. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Watoto walinifuata nyuma wakicheka. Kwenye foleni akina mama walinyamaza wote kwa mara moja. Kisha mama mmoja mzee akaniuliza kwa huruma: "Mchungaji, Mama Mchungaji anaumwa?" Nikajibu: "Hapana, mama. Ni mzima." Jibu hilo lilikuwa zito kuliko jerikani zote mbili. Kama angekuwa mgonjwa, ningesifiwa. Kwa kuwa alikuwa mzima, sikuwa na sababu yoyote ya kujitetea isipokuwa hii: maji haya ni yangu pia.

Nilikaa kwenye foleni karibu saa mbili. Niliona jinsi watu wanavyoweka mawe kushika nafasi, jinsi wanavyogombania zamu, jinsi binti za shule wanavyotazama jua wakijua wamechelewa. Niliporudi nilielewa kwa nini chakula cha mchana hufika saa tisa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiita jambo hilo "uzembe wa kupanga kazi." Nilimwomba mama watoto msamaha kwa neno hilo moja.

Niseme pia kwamba baada ya wiki tatu nililegea. Vikao viliongezeka, nikarudia kulala. Ilibidi aniulize tena. Toba ya namna hii hairudiwi mara moja kwa mwaka kama kumbukumbu. Inarudiwa kila asubuhi jerikani zinapokuwa tupu.

5. Majibu kwa wanaopinga

Najua mtakayosema, maana mimi mwenyewe nimeyasema.

"Hayo ni mambo ya mashirika, semina za jinsia." Wapendwa, kabla ya shirika lolote kufika hapa na mabango yake, Abrahamu mzee, tajiri, mwenye watumishi wengi, alipopata wageni alikimbia mwenyewe kundini kuchagua ndama, na Sara akakanda unga. Chakula kilipoiva, Abrahamu alisimama karibu na wageni chini ya mti wakila, kama mtumishi (Mwanzo 18). Yakobo alipika dengu (Mwanzo 25). Na Bwana wetu aliyefufuka, aliyeshinda mauti, tunamkuta asubuhi ufukweni amewasha moto wa makaa, amepanga samaki juu yake, na mkate upo. Anawaita wavuvi waliochoka waje wale (Yohana 21). Mwenye utukufu wote alikaa mbele ya moto akapikia watu. Hakuna semina iliyomfundisha.

"Mume ni kichwa cha mke." Ndiyo, Paulo ameandika hivyo. Lakini msiishie mstari wa 23 wa Waefeso 5. Endeleeni mpaka wa 25 na wa 29. Kristo ni kichwa kwa kujitoa afe, na mume anaambiwa amlishe na kumtunza mkewe kama mwili wake mwenyewe. Kichwa kinachoona mguu unavuja damu na kusema "hiyo ni kazi ya mguu," kichwa hicho ni kigonjwa.

"Watu watasema nini?" Watasema. Watasema bibi yake amemkalia, amelishwa dawa. Usiku ule wa Pasaka Bwana alivua vazi, akajifunga kitambaa, akamimina maji kwenye chombo na kuosha miguu, kazi ya mtumishi wa chini. Petro alikataa, kwa sababu aliona aibu kwa niaba ya Bwana. Bwana alimwambia kwamba asipokubali kuoshwa, hana sehemu pamoja naye (Yohana 13). Ndugu, anayeona aibu juu ya maji atazame kwanza ni nani aliyeshika lile beseni.

6. Neno kwa akina mama

Wapendwa mama zetu, nanyi lipo neno lenu.

Siku ile niliporudi na maji, mama watoto alitoka mbio kunipokea kwenye kona. Nilifikiri ni furaha. Akaninong'oneza: "Weka chini, nipe mimi, wanakwaya wanapita!" Aliyenikemea usiku aliona aibu asubuhi. Tumecheka sana juu ya hilo baadaye, lakini lina fundisho. Kuna mama anayelia kwamba habebwi mzigo, na mumewe akishika ufagio anamnyang'anya, au anamcheka mbele ya mashoga: "Jamani, njoni mwone alivyoosha sufuria!" Mwanamume aliyechekwa mara moja hatarudi mara ya pili. Kama ugali wake una madonge, kuleni, mshukuru. Kesho utakuwa na madonge machache.

Tena mpime kwa haki. Yupo baba anayeondoka alfajiri kuchimba msingi au kufyatua matofali, akirudi jioni hawezi kunyoosha mgongo. Huyo amekwisha kubeba jerikani zake kwa namna nyingine. Tusimlinganishe na anayekaa kwenye dame. Shabaha yetu si kuhesabiana kama wafanyabiashara. Wagalatia 6 inasema juu ya kuchukuliana mizigo, na mistari michache mbele inasema kila mtu ana furushi lake. Nyumba yenye amani ni ile inayojua yote mawili.

Na msiwalee wana wenu kama wageni wa heshima. Binti wa miaka tisa anateka, anafagia, anabeba mdogo wake, anachelewa shule. Kaka yake wa miaka kumi na mbili anapiga mpira wa makaratasi tangu asubuhi. Kisha tunashangaa binti ameshindwa mtihani! Ugomvi wa ndoa za miaka ijayo tunaupanda leo.

7. Tufanye nini?

Nawapa mambo manne ya kufanya mwezi huu.

Kwanza, kaeni chini jioni moja ambayo hamjagombana. Chukueni daftari la mtoto, mwandike kazi zote za siku tangu alfajiri mpaka kulala, na mbele ya kila kazi jina la anayeifanya. Msibishane, andikeni tu. Kisha baba asome kwa sauti. Karatasi hiyo itahubiri kuliko mimi.

Pili, gawaneni kwa nguvu na kwa nafasi. Aliyeenda kibarua leo, mwenzake apike. Mama mwenye mimba au aliyetoka kujifungua asibebe jerikani ya lita 20 wakati mwanamume mzima yupo nyumbani. Kuni za mbali ziende na mwanamume au mwende wawili, kwa usalama. Maharage yalowekwe jioni, yataiva upesi na kuni zitapungua. Hata mtoto wa kiume anaweza kukumbuka kazi hiyo.

Tatu, katika kanisa letu tutaanza sisi wenyewe. Mpaka sasa maji ya kanisa, ya kunywa wageni na ya kuosha vyombo baada ya mikutano, yamebebwa na akina mama. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao yatatekwa na wazee wa kanisa, mashemasi wa kiume na mchungaji. Tumekubaliana hivyo katika kikao. Mtatuona.

Nne, asiinue mtu mkono. Kumpiga mke kwa sababu chakula kimechelewa ni dhambi mbele za Mungu, na ni kosa mbele ya sheria ya nchi inayotuhifadhi. Wazee wa kanisa hawatalifunika kwa jina la "mambo ya nyumbani." Dada anayepigwa aje kwetu, mchana au usiku, na akitaka kwenda kwa viongozi au polisi tutamsindikiza.

8. Barua ya Petro

Namalizia na Petro. Yeye ni mmoja wa wale wawili waliomfuata mwanamume mwenye mtungi. Ndiye aliyekataa kuoshwa miguu, kisha akakubali. Ndiye aliyetoka majini amelowa, akala samaki aliopikiwa na Bwana. Tena alikuwa mtu mwenye mke (Marko 1:30, 1 Wakorintho 9:5).

Miaka ikapita, akaandika barua. Aliwaandikia nani? Mstari wa kwanza unasema: wageni waliotawanyika katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia. Aliwaandikia watu kama sisi. Na alipofika kwa waume (1 Petro 3:7) aliwaambia wakae na wake zao kwa akili, wawape heshima, kwa kuwa wanairithi neema ya uzima pamoja nao. Kisha akataja sababu: maombi yao yasizuiliwe.

Wapendwa, sisi tunaomba sana hapa. Tunafunga kwa ajili ya amani ya Kongo. Tunakesha kwa ajili ya watoto waliopotea njiani. Tunaomba faili zetu zisonge, tunaomba mvua. Petro anatuambia kwamba maombi hayo yote yanaweza kusimama mlangoni, kwa sababu ya jinsi mume anavyokaa na mke ndani ya nyumba ya udongo yenye hema juu. Naogopa neno hili. Huenda tumekesha kanisani na huku nyumbani mtu mmoja amebeba peke yake.

Yule ndugu wa mtumbwi nilikwenda kumtembelea. Nilimwomba msamaha kwa shauri langu la haraka, nikamweleza yaliyonipata kwenye foleni. Hakuniahidi kitu. Lakini juzi alfajiri, kabla jua halijatoka, nilimwona kwenye foleni, amejifunika kofia mpaka machoni, jerikani mbili miguuni. Hatukusemezana. Alinisogezea nafasi, nami nikaweka zangu nyuma ya zake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Ni kazi gani ya nyumbani ambayo hujawahi kuifanya, na kwa nini? Ni neno gani ulimwambia mwenzako juu ya kazi yake ambalo unapaswa kuliombea msamaha? Wana wetu wa kiume wanajifunza nini kwa kututazama?

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyeosha miguu na kuwapikia wavuvi waliochoka, uponye mioyo ya baba zetu waliopoteza kazi za mikono yao. Uwatie nguvu mama zetu waliolemewa. Tufundishe kuchukuliana, ili nyumba zetu za ugenini ziwe chumba ulichokiandaa, na maombi yetu yafike mbele zako. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Ni mimi mchungaji wenu.